Makovu Niliyosema Yako Mgongoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sauti, kisha nikatazama huku na huku, maana hapa nilipo mtu akisema peke yake wenzake hudhani homa imempanda kichwani. Sijui uko wapi. Sijui hata kama u hai. Barua hii haina wa kuipeleka, na hata angekuwapo asingethubutu kuishika, kwa sababu inatoka kambi ya ndui.

Usishtuke. Au shtuka tu, mama, mimi mwenyewe nimeshtuka tangu siku niliyoingia na sijatulia mpaka leo. Ni vibanda vitano vya makuti porini, nyuma ya mashamba ya Mitwero. Njiani wamelaza tawi la mti. Wazima huweka chakula upande wao wakarudi mbio bila kugeuka, na anayeruhusiwa kuvuka ni yule tu aliyekwisha kuugua akapona, kwa kuwa mtu huyo ndui haimrudii. Mimi sijapata kuiugua. Unajua vizuri, wewe uliyeniogesha. Na nimevuka.

Najua ungecheka kwanza. Mimi huyu, niliyekuwa namkimbia hata jogoo wa Padre! Wakumbuka wale wapagazi waliokuwa wakilala uani kwetu misheni, miguu imeliwa na funza mpaka vidole havijulikani? Ulikaa nao kutwa na pini yako, unatoa funza mmoja mmoja, unapaka majivu, na mimi nimejibanza nyuma ya mlango nimeziba pua. Ukaniita, "Njoo unishikie huu mguu." Nikakwambia naogopa. Ukasema, "Mguu wenyewe unakuogopa wewe, ulivyokunja uso hivyo." Yule mpagazi akacheka mpaka pini ikamkwaruza. Mimi nikaja nikashika mguu, nimefumba macho, nikajiapiza moyoni kwamba nikikua sitashika mguu wa mtu.

Kwako kumpenda mtu hakukuwa jambo la kusemwa kanisani tu. Ilikuwa kazi, kama kutwanga. Ulichoka nayo, ulinung'unika nayo, na kesho yake ukaamka ukaifanya tena.

Sasa nikwambie lile ambalo sikupata nafasi ya kukwambia. Ni habari ya Saidi.

Siku ile alipofika kwetu ulikuwa umekwenda kisimani. Alikuja peke yake, kaniki kiunoni, bua la mtama limefungwa kichwani, amekwisha kunywa ile dawa ya maji waliyosema itazigeuza risasi za Wadachi. Binamu yangu, mtoto wa Shangazi Zuhura, tuliyekua tukigombania naye ukoko wa wali! Akasimama mlangoni akasema, "Nna njaa. Sijala tangu jana." Chungu kilikuwa jikoni, mbaazi za nazi. Nilikuwa nimezipika mimi. Wote tulijua kwamba aliyekunywa dawa ana miko yake: asilale na mkewe, asipore mali, asile mbaazi. Akatazama chungu, akanitazama mimi. Na mimi, mama, kwa ulimi wangu huu mbaya nikamtania, "Mwanamume mzima unakwenda kupigana na bunduki, unaogopa mbaazi?" Akacheka. Akakaa akala, akafuta sahani kwa kidole.

Siku ya tatu walimleta amebebwa juu ya kitanda, ana tundu kifuani.

Mimi nilibatizwa kanisani, dawa yao sikuiamini. Lakini nilipoiona damu ile niliuamini mwiko, palepale, kwa mwili wangu wote. Nilikimbilia ghalani nikajificha nyuma ya mtama. Nikasikia kila neno. Shangazi alikuwa analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu: "Nani kamlisha mwanangu mbaazi? Kabla ya kufa ameniambia amekula mbaazi kwa mke wa kaka yangu!" Wanaume wakauliza ni nani aliyepika. Nami nilikuwa nimeng'ata kanga nisipumue. Ukajibu mara moja, kama mtu aliyeulizwa jina lake, "Mimi. Nani mwingine anapika nyumbani kwangu?"

Mama, wewe ulinipiga kofi siku niliyodanganya juu ya kipande cha sukari guru. Ulisema uongo ni uongo hata uwe mdogo kama chawa.

Shangazi akasema wewe ni mtu wa kuja, umetoka kwenye minyororo ya watumwa, huna ukoo, tangu kaka yake afe anakuvumilia tu. Akasema uondolewe. Waliondoka nawe wale waliokuwa wanakimbilia bara. Ulipopita karibu na ghala ulikohoa. Ulijua nimo. Mpaka leo najiuliza kikohozi kile kilitaka nitoke au nikae kimya. Nilikaa kimya.

Wiki ile ile Wadachi na askari wao walifika, wakachoma ghala lenyewe, mtama na mihogo na kila kitu. Nikatoroka nikafika Lindi, nikapata kibarua cha kutwanga Mitwero. Njaa iliyofuata sina la kuisema. Tulichimba mizizi ya ming'oko porini mpaka nayo ikatuchoka. Kisha ndui ikaja, kana kwamba haikutosha.

Habari za shangazi nilizipata kwa Mzee Hamisi, yule mwenye uso wa makovu anayehudumia kambi. Alisimama barabarani akawaita wanawake tuliokuwa kinuni. "Kuna mama mmoja wa bara, Zuhura. Hana mtu. Kumlisha nitamlisha, lakini mimi mwanamume, siwezi kumwosha. Ananuka, jamani, na anajijua kwamba ananuka, anaona haya. Hakuna mwanamke hapa aliyekwisha kupata ndui?"

Wote wakainamia vinu vyao. Mimi nilitwanga kwa nguvu kuliko wote.

Siku mbili sikula. Nilijitetea kwako na kwa Mungu. Nilisema Padre alitufundisha habari ya kuutoa uhai kwa ajili ya rafiki; alisema rafiki, hakusema shangazi. Nilisema huyu ndiye aliyekufukuza. Nilisema mengi, ya maana kabisa. Lakini kila nikinyamaza nasikia yule mzee anasema, anaona haya. Basi siku ya tatu nikaenda kwenye tawi.

Mzee Hamisi akanikazia macho usoni. "Umepata ndui wewe?"

"Nimepata, babu."

"Uso mbona laini kama wa mtoto?"

"Makovu yako mgongoni," nikasema. Mzee wa watu akaona aibu, hawezi kumwambia binti wa watu afunue mgongo. Akasogea nikapita. Uongo wangu ulikuwa mkubwa kuliko chawa, mama.

Sitakueleza nilivyomkuta. Macho yalikuwa yamevimba yakafunga, haoni. Nilimwosha kwa maji ya mwarobaini huku nalia, na usidhani nilimlilia yeye, nilikuwa najililia mimi. Kila tone lililonirukia nilidhani ndilo. Nikimaliza natoka nje najisugua kwa mchanga mpaka ngozi inawaka. Hakuniuliza jina, nami nilinong'ona tu asiitambue sauti yangu. Aliniita "mwanangu" tu, kama anavyomwita yeyote.

Siku ya tano akanyoosha mkono akanipapasa uso. Paji, mashavu, kidevu. Vidole vikasimama. "Mbona huna alama? Wewe hujaugua! Toka! Toka, mwana wa watu, utakufa bure!" Akajivuta ukutani, yeye asiyeweza kugeuka, ili awe mbali nami.

Ndipo nikasema. Woga ukiwa mwingi nadhani unajaa, hauna pa kuongezeka. Nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia mbaazi nilipika mimi, nilimtania Saidi, na mama hakuwapo hata nyumbani.

Kisha akasema, "Walikufa wengi siku ile. Wote uliwapikia?"

Nikakamua kitambaa nilichokuwa namwoshea.

"Nimelala hapa nimewahesabu," akasema. "Wapo waliokuwa hawajagusa hata jani la mbaazi. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na mama yako hakuwa na ndugu wa kumtetea. Alinitazama usoni nami nilijua anadanganya. Nilijua anamficha mtu. Nikamwacha aende." Akalia, na macho yale hayakuweza hata kutoa machozi.

Nilitaka kumsamehe kama wewe ungefanya, harakaharaka. Sikuweza. Nilikuwa na hasira naye. Nilitoka, nikafika hadi kwenye tawi, nikasimama pale. Kisha nikarudi kwa kuwa jua lilikuwa limefika kitandani kwake na hakuna wa kumsogeza.

Sasa ni wiki ya pili. Yeye magamba yanakauka, jicho moja limefunguka, anaomba uji kwa kelele, anasema natia maji mengi. Mzee Hamisi anasema atapona. Usiku nalala vizuri. Asubuhi ndiyo mbaya, maana nikiamka najikagua mikono, shingo, kwapani.

Leo mgongo unaniuma, mama. Mgongo na kichwa, ndivyo wagonjwa wa hapa wanavyosema iliwaanza. Naogopa. Naogopa kama nilivyoogopa ghalani, sijabadilika hata kidogo, na natamani ungekuwa hapa unitanie.

Hivi punde nilimpelekea uji, akanishika kiganja. "Mbona mkono wako wa moto?"

Nikamwambia nimeepua chungu sasa hivi. Akaamini, akanywa.

Kwaheri, mama, popote ulipo.

Ni mimi, mwanao.