Siku Nilipotoa Farasi Bure

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Leo asubuhi kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, mama mmoja alicheka kwa sauti nikageuka haraka nikidhani ni wewe. Tulishakuzika, najua. Lakini siku nzima nimekuwa nikikuwaza, na zaidi ile fainali ya chesi mjini Kericho, miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tatu.

Baba alikuwa amesema nikishindwa niachane na michezo, Jumamosi nirudi kuchuma chai. Wewe kama dada yake ulimbembeleza mpaka akaniruhusu. Kisha ukavaa koti lako la kanisani ukanisindikiza, ingawa chesi hukuijua hata kidogo.

Nilipangwa na Njoroge, kijana wa wenye duka la hadwea pale Sotik. Alikuwa amenishinda kila tulipokutana, kwa hivyo niliamua kucheza kwa fujo. Hatua ya pili tu nikamwachia askari amle, ili njia ya kwenda kwa mfalme wake ifunguke. Muda mfupi baadaye nikamwachia na farasi. Ndipo nikakusikia nyuma yangu ukimwambia jirani yako:

"Huyu mtoto anagawa mifugo kama hana kwao."

Ukumbi ukacheka. Mwamuzi akakuomba utoke nje. Njoroge naye alicheka, mpaka malkia wangu alipoingia kwake na kukuta vikosi vyake vingi bado vimelala nyumbani. Mfalme wake alikimbia huku na huku, mwishowe akakosa pa kwenda. Njoroge akanipa mkono.

Nilikukuta umekaa kwenye nyasi. Kabla sijasema neno ukaanza kunifariji, eti kuchuma chai pia ni kazi ya heshima.

"Senge, nimeshinda."

"Na wale uliowagawa?"

"Hao ndio walinifungulia njia."

Ukaninyanyua juu juu, na ukubwa wangu wote, mbele ya watu.

Nyumbani ulimsimulia baba kila kitu kama mtu aliyekuwa ndani. Ukaongeza kwamba ni wewe uliyenishauri nitoe farasi. Mimi nilikunywa chai yangu kimya. Baba akasema basi, Jumamosi atatafuta mtu wa kuchuma.

Wanangu huniomba hadithi hiyo mara kwa mara. Huwa nawasimulia ile yako, Senge. Ni tamu kuliko ilivyokuwa.

Pumzika vyema.

Binti wa kaka yako