Shangazi Mgonjwa, Tukamtoa Mjomba

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi analalamika tena. Tk-tk-tk tangu asubuhi. (Nikizeeka nikasoma hapa nisije nikadhani nilimsengenya mtu: Shangazi ni diski. Boksi letu la studio, la kuhifadhia picha na sauti, lina diski nne, na Mama mkwe ndiye aliyezipa majina, enzi akiwa na sauti. Babu, Bibi, Mjomba, Shangazi. Alisema Shangazi lazima awe ile yenye kelele.)

Mume wangu ameleta diski mpya, kubwa. Kesho anamtoa Shangazi, anamweka mgeni, boksi zima linapangwa upya ili nafasi iongezeke. Anapiga mluzi kama bwana harusi. Mtoto tumboni naye anapiga mateke.

Jumanne, 5 Machi

Boksi tupu. Hakuna kitu!

Shangazi ndiye mgonjwa, tukamtoa Mjomba. Mwezi uliopita mume wangu alizichomoa diski zote, akafuta vumbi kila kidroo — huyu mtu ni wa usafi, hata waya angeupiga pasi — kisha akazirudisha. Vibandiko vya majina viko kwenye vidroo, si kwenye diski zenyewe! Kwa hiyo leo aliyekaa kwenye kidroo cha Shangazi alikuwa Mjomba, mzima wa afya. Kumchomoa tu, Shangazi halisi naye akazimia. Boksi linavumilia kukosa diski moja, si mbili. Mashine ikauliza: niunde upya? Kwa kihoro akabonyeza ndiyo, boksi likaanza upya likiwa tupu.

Picha za harusi wateja wanazo. Lakini hadithi za Mama! Jioni zote zile kabla ya upasuaji wa koo alikaa kwenye kiti cha studio, mume wangu akimrekodi, akimsimulia mjukuu ambaye hajazaliwa. Sasa koo halitoi hata mnong'ono. Sauti yake ilikuwa humo tu, kwingine haipo.

Mume wangu kakaa sakafuni. Nikakaa naye, tumbo na yote. Nilitaka kumgombeza, nikamwegemea. Nampenda mno.

Jumatano, 6 Machi

Fundi wa diski amekuja. Mwanamke mmoja mnene, miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Hata salamu hajaimaliza: msiguse kitu! Akauliza nakala iko wapi. Tukatazamana. Akasema diski nne si nakala, ni gari lenye tairi la akiba. Gari likiungua, na tairi linaungua humo humo.

Kazi yake ni hii: kila diski aitolee pacha, yaani nakala yake kamili, kisha ahangaike na pacha, wagonjwa wenyewe wapumzike. Huenda vitu bado vipo. Ila kila hadithi imekatwa vipande, vikagawanywa kwa diski zote, na mashine imesahau nani alikaa wapi. Ukikosea mpangilio, unasikia mchakacho tu.

Mume wangu kanisihi Mama asijue. Nimekubali shingo upande.

Ijumaa, 8 Machi

Mama amejua. Nani anamficha kitu mama mzazi? Alimwonyesha mwanawe boksi kwa kidole, kisha akamshika kidevu, akamkazia macho. Basi! Mwanamume mzima akalia, akasema yote kwa mkupuo.

Mama akampangusa pua kwa leso. Kisha akamfinya sikio, barabara, mume wangu akaruka. Nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha Mama akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu, akaingia chumbani kwake, akaurudisha mlango polepole. Nilisimama nje na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi hataki kutoa pacha. Anasomeka kidogo, anazimia, anasomeka tena. Fundi anambembeleza: haya bibie, taratibu, hatukimbizwi.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika hapa hapa studio, fundi yuko mbele yangu. Naandika ili nisipige kelele.

Pacha wa Shangazi amepatikana, ana matundu kidogo. Fundi amekuwa akibadilisha mpangilio tangu asubuhi. Mchakacho. Mchakacho. Halafu, humo kwenye spika — kiti kikalia kwii, mume wangu akakohoa, na Mama! Sauti yake! Ile yenye mikwaruzo, kama anataka kucheka.

Si hadithi. Ni kabla ya hadithi, hakujua mashine imeshawashwa. Akauliza: Mkeo kalala? Mwanawe akasema kalala. Akasema: Usimwamshe. Yule mtoto anachoka wala hasemi. Mimi nimezaa madume matupu, Mungu kanipa binti uzeeni, na hata sijui namwambiaje. Na koo lenyewe ndilo hili —

Ikakatika. Mchakacho.

Mimi! Ambaye miaka yote hii hajaniita kitu ila "mke wake"!

Fundi anasema mpangilio huu umetoa hicho tu, anataka kujaribu mwingine, je, aendelee? Mume wangu ananitazama mimi. Nimegeuka, Mama yuko mlangoni. Amesikia yote. Ameinamisha uso kama msichana aliyefumaniwa.

Anakuja. Amekaa kando yangu. Fundi bado anasubiri jibu, lakini Mama ameushika mkono wangu huu ninaoandikia na