Zamu ya Masisi Kwenye Foni

Kambi ya Mgodi,
Walikale,
14 Machi 1956

Mpendwa dada yangu Athanasie,

Salamu nyingi zikufikie huko Jadotville, wewe, shemeji Edmond na watoto. Je, mu wazima? Kifua cha Edmond kimepoa? Libérata ameanza kutembea? Mimi na mke wangu Joséphine-Marie tuna uzima wa mwili tu. Ya moyo nitakueleza. Huku msituni mvua haikatiki, hata nguo hazikauki.

Dada, kaa chini kwanza. Mama yetu ametutoka. Amezikwa kwetu Burungu, kando ya migomba yake, nami sikuwepo. Mpaka leo sikuwa na nguvu ya kukuandikia.

Unajua kazi yangu hapa mgodini ni foni, ile radio ya kusemezana bila waya. Vituo vyote, kutoka hapa hadi Masisi, vinatumia njia moja hewani. Kila kituo kina zamu yake ya dakika chache; mmoja akisema, wengine wote wanyamaze. Wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja, ni mkwaruzo tu kama mafuta ya moto ndani ya sufuria. Kila mwaka vituo vipya vinafunguliwa, na njia ni ileile. Ugali ni wa sufuria moja, wageni wanazidi, tonge linapungua. Niliwaeleza wakubwa, wakasema watatazama.

Mama alipozidiwa, Papa alishuka hadi kituo cha Masisi. Ndagijimana, mwenzangu wa foni kule, akampa mwisho wa zamu yake. Nilifurahi kusikia sauti ya mzee. Akaanza kama ipasavyo: "Hilaire, mwana wangu, uko muzima? Bibi yako iko muzima? Bakwe zako bako aje? Benoît wa ng'ambo ya muto anakusalimia. Ng'ombe zote ziko muzuri..."

Nikaona zamu inakwisha. Nilibonyeza kifungo nimwombe aseme neno lililomleta, lakini mtu akiwa anasema kwenye foni hamsikii mwingine. Mwishowe akasema, "Sasa, mama yako..." na hapohapo kituo kingine kikaingia juu yake na habari za mifuko ya mawe.

Wewe unajua kwamba Mama ndiye aliyekuwa akisalimu wa mwisho siku zote, hata katika barua zetu. Nikadhani ni salamu zake. Mkwaruzo ulipopungua nikajibu upesi, "Papa, ambia Mama namusalimia sana." Lori la mawe lilikuwa limesimama nje, linakwenda upande wa Masisi. Nililitazama likiondoka.

Papa yeye alikuwa amekwisha kusema kwamba Mama amezidiwa, nije, na jibu langu alilisikia vizuri. Alipofika nyumbani Mama akamwuliza, "Iko anakuja?" Papa akamwambia, "Anakusalimia." Hayo nimeyajua kwa Ndagijimana, katika zamu iliyofuata, walipokuwa wamekwisha kuzika.

Nilikwenda Burungu kulia matanga. Papa alinipa mgongo. Anaamini nilisikia yote, nikaona salamu zinatosha. Nilimweleza habari ya njia moja na vituo vingi, akasema, "Mimi nilikusikia. Sasa weye ulikosa kunisikia namna gani?" Tangu siku ile hataki kufika tena kwenye foni.

Wako wanaosema Papa angeanza na ugonjwa. Hapana. Mtu hatupiwi msiba kabla ya kusalimiwa, ndivyo alivyotulea, na hata barua hii nimeianza na kifua cha Edmond. Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linalonimaliza. Nimekata tamaa, dada. Kazi naifanya kwa kuwa lazima tule.

Wewe ndiwe kifunguamimba wake, wewe anakusikia. Mwandikie kwamba sikusikia. Msalimu kwanza, la sivyo atasema barua haitoki kwako, lakini usikawie kulifikia neno lenyewe.

Joséphine-Marie anakusalimu, na mama mkwe Valérie pia, na Ndagijimana. Bwana awe karibu nawe katika kilio hiki, akulindie nyumba yako. Salamu za Papa sina za kukuletea. Za Mama, ulizozoea kuzikuta hapa mwisho, nafasi yake nimeiacha wazi.



Wako akupendaye hata katika msiba,
mdogo wako,
Hilaire