Buletini za Ngalula na za Kaka Yake

Kamina, Machi 1984

Mshauri mheshimiwa, nahitaji jibu lako kabla ya likizo ya Pasaka, kwa sababu likizo ikianza mwanangu, Sajini Mwanza wa Base, kambi ya jeshi ya hapa, atampakia binti yake Ngalula, mwenye miaka kumi na mitatu, kwenye lori la kwenda Mulongo, akaishi kwa shangazi yake na asirudi shuleni tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na linalonishangaza ni hili: kaka yake, Banza, anaugua akili tangu mwaka jana, anajibizana na watu tusiowaona, na majuzi nilipopanga mezani buletini zake, yaani ripoti za shule, na za dada yake niliona zinafuatana hatua kwa hatua, kwamba huko Mbandaka, baba yao alikokuwa kabla ya kuhamishiwa hapa, walipendwa na wenzao, kisha wakanyamaza, kisha alama zikashuka na wakati wa michezo wakasimama peke yao ukutani, na kila mwalimu wa hapa aliandika kuwa ni watoto wa askari, wamezoea Kilingala, watazoea na Kiswahili. Mmoja wa walimu hao ni mimi, kwani Banza aliletwa darasani kwangu akiwa na miaka kumi na miwili, na alipokataa kuimba na wenzake mbele ya bendera nilimpa sifuri ya mwenendo, nikamketisha peke yake muhula mzima, nikidhani ni kiburi. Je, ule ulikuwa mwanzo wa ugonjwa? Na Ngalula, ndio huo tena? Wenzake humwita Nimero De, yaani Namba Mbili, lakini hayo ni ya kitoto. Baba yake aliniambia mbele yake, "Tata, huyu naye njo ameanza. Bantu ba kambi batucheke mara mbili?"

Mwalimu Umba

Mwalimu Umba, pole kwa Banza. Hukuniuliza kama ulikosa, lakini ulikosa: mtoto anayejitenga hatibiwi kwa kutengwa.

Ulichokiona si ndoto. Baadhi ya wanaougua hivyo walianza kujitenga na kushuka masomoni miaka kadhaa kabla. Ila wewe umesoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wanafunzi wako wangapi walinyamaza, wakashuka, na leo ni makanika, makarani na mama wenye nyumba zao? Buletini za hao hukuzipanga mezani. Hakuna awezaye kusema leo kwamba Ngalula ataugua, wala kwamba hataugua.

Sasa nakugombeza. Umeandika jina la Nimero De ukalipita mbio. Maana yake kichaa wa kwanza ni kaka, wa pili ni yeye. Wewe ungecheza na watu wanaokuita hivyo? Na baba yake amelirudia jina lile lile nyumbani, kwa maneno mengine.

Asipande lori. Huko Mulongo atakuwa mgeni tena, na akibadilika hakuna atakayejua alivyokuwa. Nenda kwa mwalimu wake, alikomeshe jina hilo na amketishe karibu na msichana anayempenda. Banza apelekwe hospitalini, kama bado. Ngalula akianza kukosa usingizi, kuogopa watu bila sababu au kusikia sauti, naye mpelekeni upesi, msingoje muhula uishe.

Barua yako ina buletini za miaka mingi, na haina neno hata moja la Ngalula mwenyewe. Leo akirudi kutoka shuleni, muulize siku yake imekwendaje, na kabla hajajibu, weka kalamu chini.