Kengele Moja kwa Wauguzi Watatu

Minneapolis, 9 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Habari za Kericho? Goti linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo sio.

Unajua niko wadi ya wagonjwa wa akili. Wagonjwa ishirini na wawili, wauguzi watatu, kengele ya dharura ya kuvaa shingoni moja tu. Mlinzi aliondolewa Krismasi. Jumanne asubuhi mgonjwa alimpiga muuguzi mwenzangu Keziah kwa kiti, taya ikavunjika. Nilimkaba yule mtu mpaka akalegea, na Baba, sikutaka kumwachilia. Maurice, muuguzi wetu wa tatu, ndiye aliyenibandua vidole.

Nataka kuacha kazi.

Binti yako,
Chepkemoi

Kericho, 1 Machi 2024

Chepkemoi mwanangu,

Sisi tu wazima, goti ni la uzee tu. Mpe Keziah pole.

Niliuguza miaka thelathini na moja hospitali ya misheni, mara nyingi bila hata dawa ya ganzi. Sikuacha. Mgonjwa wa akili hajui atendalo. Ukimkimbia atabaki na nani? Vumilia, mama.

Baba yako

Minneapolis, 20 Juni 2024

Baba,

Mko salama huko? Usishangae mwandiko.

Nilivumilia. Mwezi wa nne mgonjwa alinichoma jicho la kushoto kwa kalamu. Nilipiga kelele, nikateleza kwa damu yangu mwenyewe, akanikanyaga mbavu. Kengele ilikuwa na Maurice, upande wa pili. Jicho limetolewa. Meneja alikuja na maua, akaniuliza, "Mbona hukuita usaidizi?"

Kesho yake wenzangu walisimama mlangoni wakakataa kupokea shifti. Baada ya siku nne kila mmoja alipewa kengele, na walinzi wakaletwa wawili. Siku nne tu, Baba.

Mimi sirudi. Nijibu utakavyo.

Binti yako

Kericho, 11 Julai 2024

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Amelia mpaka sauti imekauka.

Kuna jambo sikukuambia. Mwaka 1996 mwanamume aliingia wadini kwetu na panga, akimfuata mkewe. Tulikuwa tumeomba bawabu, tukaambiwa tumtegemee Mungu. Rael, muuguzi mwenzangu, alisimama mbele ya kitanda cha yule mama. Mimi nilijifungia stoo. Nilimsikia Rael akiniita kwa jina, mara mbili, kisha kimya. Asubuhi nilipiga deki damu yake, nikaendelea na kazi. Watu wakanisifu kwa moyo wa kujitolea, nami nikanyamaza. Ni kwa sifa hiyo nilikurudisha wadini.

Usirudi. Sijui kama nina haki ya kukuomba msamaha. Nakuomba.

Baba yako