Sauti ya Nyaruai

Kitale, 11 Novemba 2024

Kaka Naim,

Asalaam aleikum. Nakuomba kwa jina la Mungu, barua hii usiisome mbele ya mtu yeyote, hata Mama. Nimempa Kemboi wa parseli kwa sababu simu yangu hushikwa na kila mtu ofisini. Mko wazima? Kifua cha Mama kimepoa? Mimi mwili mzima, roho hapana.

Unamkumbuka bibi Nyaruai wa Kibomet? Kabla hajafa, wakili Wachira, bosi wangu, alimrekodi akisema kwa sauti yake kwamba shamba amempa Mukami, mjane wa mwanawe. Kuandika hakujua. Sasa Ngige, mwanawe mwingine, anasema mama yake hakutamka neno kama hilo. Kesi ni tarehe ishirini na sita.

Rekodi iko kwenye diski moja tu. Wakili aliniagiza nitoe nakala, nikamwambia nimetoa. Sikutoa, kaka. Leo diski inagonga tik, tik, na kompyuta haiioni.

Wewe ni fundi. Nifanye nini?

Dada yako,
Leila


Bungoma, 13 Novemba

Leila mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Mama anakohoa lakini anagombana, kwa hivyo ni mzima.

Usilie bana. Kitu ikigonga hivyo imeshikana ndani. Ifunge vizuri, iweke kwa friza siku moja, halafu iwashe. Ikikataa, fungua kifuniko, ule mkono wa ndani usukume kidogo. Si unajua redio ngapi nimefufua hivyo? Wachira usimwambie kwanza. Atakufuta kabla hujajaribu.

Kaka yako,
Naim


Kitale, 17 Novemba

Kaka,

Salamu kwako na kwa Mama.

Niliiweka kwenye friza ya Cheptoo, jirani yangu anayeuza nyama. Akaniuliza, "Ati unagandisha nini, Leila? Hiyo si maini." Ilitoka ikitoa jasho. Nikafungua kifuniko, nikaianika juani penye turubai, kando ya mahindi yake, maana hapa kila kilicholowa tunakianika hapo. Cheptoo akaja kuyageuza mahindi. Vumbi likaingia, nikapangusa kwa leso. Nikausukuma ule mkono, nikawasha. Ikalia kama msumari kwenye sufuria.

Sasa hata haigongi.

Dada yako,
Leila


Bungoma, 19 Novemba

Leila,

Usiiwashe tena. Nimempigia Abdikarim wa Eldoret, kazi yake ni diski peke yake. Amenitukana. Mpelekee kesho. Mwambie Wachira leo.

Redio nazijua. Hii sikuijua, na nilijifanya najua.

Kaka yako,
Naim


Kibomet, 27 Novemba

Kaka Naim,

Asalaam aleikum. Mama anaendeleaje?

Abdikarim alinionyesha chini ya taa: kwenye sahani ya ndani ya diski duara jeupe limechimbwa, pale ilipokuwa sauti. "Ingekuja haijafunguliwa kifuniko," alisema, "ningeitoa."

Wakili nilimwambia Jumatatu, siku moja kabla ya kesi. Mahakamani alisema yeye mwenyewe alimsikia Nyaruai. Hakimu akamjibu kwamba wakili hawezi kuwa shahidi wa mteja wake. Ngige akacheka: "Basi si mtuletee hiyo sauti?" Mukami amepewa siku thelathini ahame.

Nilimweleza Mukami yote nje ya mahakama. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Hata neno moja la Mama Nyaruai halikubaki?"

Barua hii msomee Mama. Zile zangu nyingine pia. Ofisini usinipigie, sipo tena. Niko kwa Mukami, namsaidia kuvuna kabla siku hazijaisha. Ukifika Kibomet uliza kwa Nyaruai, usiulize kwa Ngige. Watu bado wanapaita hivyo. Pita kando ya kinu cha unga, lango ni la mbao, piga hodi kwa nguvu kwa sababu tunakuwa shambani.

Njoo mwenyewe. Vifaa vyako viache.

Dada yako,
Leila