Baba Mkwe Anang'oa Spinachi Yangu

Jumamosi jioni, Novemba

Joto la leo halina adabu. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa vumbi jekundu unaoingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Saa nane mawingu yakaja, yakatutazama, yakaenda zake kunyeshea watu wengine. Lakini bustani yangu ni mbichi. Naliandika hilo kwa majivuno, maana mimi ni mtu wa Tukuyu, kwetu ukisahau mwavuli shambani unaota majani, na kila mtu aliniambia Dodoma sitaotesha hata pilipili.

Nimeotesha. Chainizi, nyanya, figili, na tuta la spinachi ambalo ndilo roho yangu. Namwagilia maji ya kusuuzia nguo, kwa sababu ya bomba hayana ratiba.

Ila leo nina jambo la kuungama, na linaanzia kwenye hilo tuta la spinachi.

Baba mkwe wangu yuko kwetu tangu Agosti. Mama mkwe alifariki mwaka jana, Baba akabaki kijijini Mlali peke yake na mbuzi wake na redio yake. Elia, mume wangu, akaenda kumchukua aje apumzike kidogo. Mbuzi wakaachwa kwa jirani. Wageni wengine huja na kuku; Baba alishuka na begi moja na kiroba cha samadi ya mbuzi. Alikuwa amesikia nina bustani. Ile samadi yote niliitandaza kwenye spinachi.

Tumekaa vizuri naye, lakini mimi na yeye hatuongei. Si ugomvi, ni heshima. Asubuhi nainama kidogo, "Shikamoo Baba," naye anaitika, "Marahaba mwanangu," na hapo maneno yetu ya siku yamekwisha. Mengine yote yanapita kwa Neema, binti yangu wa darasa la sita, ambaye Babu anamwita mke wake na yeye anamwita mzee asiyependa kuoga. Baba akitaka maji anamwambia Neema amwambie mama yake. Mimi nimesimama pale pale, nimesikia kila neno, lakini nasubiri niletewe ujumbe. Na chakula haombi kabisa. Mzee wa malezi yake hamwombi mke wa mwanawe mboga. Anakula alichoandaliwa, anashukuru, ananawa.

Sasa mvua ziko karibu, na Baba ameanza kusema, kupitia kwa Neema bila shaka, kwamba anataka kurudi Mlali kupanda mtama.

Mimi sitaki aende.

Naogopa ataanguka kule na hakuna wa kumwona. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Nyingine ni kwamba tangu aje, nikirudi kazini nakuta nyumba ina mtu. Neema akitoka shule kuna mzee amekaa uani wa kumtania. Baba yangu mwenyewe alifariki nikiwa mdogo, sikuwahi kumzoea mzee wa kiume nyumbani. Huyu nimemzoea.

Kwa hiyo spinachi zilipoanza kupotea, niliona Mungu amenipa sababu. Baba ndiye anayepalilia asubuhi. Nilikuwa nakuta miche ya spinachi imeng'olewa, imelazwa vizuri pembeni mwa tuta, na magugu yamesimama katikati yananawiri. Mwanzo nikalaumu kuku wa jirani. Siku moja nikamwona kwa macho yangu: ameinama, anang'oa spinachi, kisha anashindilia udongo kwenye shina la gugu kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Nikamwambia Elia, Baba haoni. Elia akabisha, akasema baba yake anamwona mwewe kabla sisi hatujamsikia. Nikamjibu mwewe yuko mbali, cha karibu ndicho hakioni. Nilijifanya daktari wa macho mimi. Nikauliza mtu asiyejua spinachi na gugu atashikaje panga peke yake kule porini? Elia akakubali tumpeleke hospitali. Jioni mimi na Neema tulikuwa tunapanda upya kimya kimya, tusimwaibishe.

Jana tulimpeleka hospitali. Yeye na Elia wakaingia ndani, mimi nikabaki kwenye benchi nikisali. Na hapa ndipo pa kuungama. Sikuomba macho ya Baba yawe mazima. Niliomba akutwe na mtoto wa jicho. Mdogo tu, wa kutibika, lakini wa kuchukua msimu mzima wa kupanda.

Wakatoka wanacheka. Macho ni mazuri kwa umri wake, amepewa dawa ya matone kwa ajili ya vumbi.

Nikajilazimisha kucheka nao.

Ni mtu gani anayesikitika kusikia mzee wake anaona? Nimelala na hilo swali, nimeamka nalo. Asubuhi nikamtuma Neema akamuulize Babu kisa cha spinachi, mimi nikasimama dirishani jikoni nikisugua kikombe kilichokwishatakata.

"Babu, mama anauliza kwa nini unang'oa spinachi zake."

"Sing'oi, mke wangu, napunguza. Zinausonga mlenda."

"Mlenda uko wapi?"

"Si huo hapo mnaouita gugu? Umekuja na samadi. Mbuzi wamekula mbegu Mlali, zimeota huku." Akagusa majani yake. "Bibi yako alikuwa ananipikia huu. Ila usimwambie mama yako. Kwao hawali, na chakula cha hapa ni kizuri, sina neno."

Neema akaja akanisimulia yote, pamoja na ile sehemu ya kutoniambia.

Nilikaa kwenye ndoo. Tangu Agosti nampikia wali, ndizi nyama, kuku wa Jumapili, na kwa kila kimoja amenishukuru. Mlenda haujawahi kuingia nyumbani kwangu kwa sababu mimi ule utelezi wake unanishinda. Nilipompigia Elia kumuuliza, akakiri kwamba huwa anakula kwa mama ntilie karibu na ofisini kwao, kwa siri, kama mwanamume mwenye nyumba ndogo.

Nikachuma. Nisijifanye mtakatifu: nilitaka kupika ili abaki. Niliona nimepata dawa.

Sasa kupika kwenyewe. Nilikuwa naukatakata tu kwa kubahatisha, na Baba amekaa nje chini ya dirisha.

"Neema, mwambie mama yako maji yasizidi."

Nikapunguza maji. Neema akaja mbio: "Mama, Babu anasema maji yasizidi."

"Mwambie asante. Muulize magadi kiasi gani."

"Neema, mwambie mama yako chembe tu, na asifunike."

Nilikuwa nimeshafunua. Tukaendelea hivyo hadi karanga zilipoingia, mtoto anakimbia mlangoni na kurudi, ukuta mmoja katikati yetu, na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Nilicheka peke yangu. Nje nikasikia naye anacheka.

Tukala mchana huu na ugali wa mtama. Mimi nilimeza matonge mawili, nikaishia hapo. Baba alikula taratibu hadi bakuli likaisha. Nikaenda kumnawisha. Nimeinama na jagi, namimina, akaanza:

"Neema, mwambie mama yako..."

Akaishia hapo. Akanitazama kwa yale macho yake mazima.

"Mama Neema. Siku zote nilikuwa nakula kwa Elia. Leo nimekula kwangu."

Nikaendelea kumimina. Maji yalikuwa yananimwagikia miguuni.

"Jumatatu nakwenda kupanda," akasema. "Nikivuna nakuja. Ule mlenda usiuchume wote, uache mwingine uzae mbegu."

Nikaitika, "Sawa Baba." Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo dawa yangu haikufanya kazi. Nimelia kidogo chooni, sioni haya kuandika. Elia ameahidi tutakuwa tunakwenda Mlali kila mwisho wa mwezi, na jirani atakuwa anapita asubuhi kumwangalia. Bado naogopa. Jumanne nikirudi kazini, ile sehemu ya uani pale chini ya dirisha itakuwa tupu, na sijui Neema atabeba ujumbe wa nani.

Nimetoka sasa hivi kuangalia tuta. Spinachi zilizobaki zinahesabika. Nimezing'oa mwenyewe, nikazilaza pembeni vizuri kama anavyofanya yeye.

Kesho kabla ya ibada nitaamka mapema nimwagilie magugu.